Mirija ya Kirushya

Naanza kwa jina la Yule aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, akamfunulia asiyoyajua. Sifa njema zote ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake, jamaa zake na sahaba zake. Namwomba auongoze ulimi wangu katika kisa hiki, nisiongeze kwa kutaka utamu wala nisipunguze kwa kuona haya.

Baada ya hayo, yafaa niwaweke wahusika kila mmoja mahali pake, kama msoma kaswida anavyowapanga waitikiaji wake kabla hajafungua kinywa.

Wa kwanza ni Adelfina, binti wa Bernardo, mzaliwa wa Kirushya katika wilaya ya Ngara, Mkatoliki wa ubatizo na wa vitendo. Alikuwa muuguzi wa zahanati yetu ya Runazi, huku Biharamulo, na alipanga chumba katika ua wangu. Babaye, Mzee Bernardo, ni mkulima wa migomba na mtu wa maneno machache; mamaye ni Verediana. Baba yake mdogo ni Leonidas, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye Mola alimpa maneno yote aliyomnyima kaka yake. Kisha yuko Daktari Scolastica, mhadhiri wa Mwanza, aliyemfundisha Adelfina shahada ya uzamili. Kisha Profesa Marit wa Norwei, mama wa makamo, aliyejifunza Kiswahili ujanani akakitunza vizuri kuliko baadhi yetu. Wa mwisho ni mimi, Twaha, mwalimu wa madrasa ya Runazi na mjumbe wa kamati ya zahanati.

Haja ya Adelfina ilikuwa moja: kwenda Norwei kusomea shahada ya uzamivu katika afya ya jamii. Na swali alilotaka kulisomea lilihusu mrija.

Asiyeijua Ngara na aelewe. Katika nyumba nyingi za huko, rubisi, yaani pombe ya ndizi, hutengwa katika kibuyu, na mrija mmoja wa tete hupita kinywa kwa kinywa, kutoka kwa mwenye nyumba hadi kwa mgeni, kutoka kwa mgeni hadi kwa jirani. Mimi kileo sikinywi, ni haramu kwangu. Lakini nimekaa katika nyumba hizo kwa harusi na kwa misiba, na adabu ya watu si haramu kuitazama. Mwaka ule homa mbaya ilipoingia Biharamulo na sisi na jirani zetu wa Ngara tukakatazwa kupeana mikono, watu walitii. Walisalimiana kwa viwiko, kwa vifua, hata kwa kuinuliana kofia. Mrija haukuachwa. Adelfina akajiuliza: watu walioweza kuuacha mkono wa ndugu, kwa nini hawakuweza kuuacha mrija?

Swali hilo alilileta barazani kwangu baada ya sala ya alasiri, akiwa na karatasi zake. Alikuwa akinisomea, nami nikimsikiliza kama ninavyomsikiliza mwanafunzi anayeghani utenzi: mshororo ukizidi mizani, sikio linajikwaa.

"Hapo umesema mambo matatu," nilikuwa nikimwambia. "Lipi ni swali lako?"

"Yote, Maalimu."

"Basi huna."

Alicheka, akafuta, akaanza upya. Kila alipomaliza alimpelekea Daktari Scolastica, na Daktari akamrudishia maandishi mekundu kama barabara yetu ya vumbi.

"Shikamoo Maalimu. Daktari ameniua tena."

"Marahaba, mwanangu. Amekuachia nini?"

"Kichwa cha habari tu."

"Basi u hai. Mgomba hukatwa ukachipua."

Ukachipua kweli. Andiko lile lilimfikia Profesa Marit, naye akalipenda. Lakini alikuwa na sharti, na alilitamka mbele yetu sote, uso wake ukiwa katika simu ya Adelfina na simu ikiwa imeegemezwa kwenye birika langu la chai.

"Nitakuja mwenyewe Kirushya," alisema. "Nikiuona mrija huo unavyotumika, na nikiona watu wako radhi kuuzungumzia, nitasimama mbele ya jopo la ufadhili nikusemee. Nisipouona, nitakuambia ukweli: tafuta swali jingine, na mwaka mwingine. Niliwahi kumsimamia mtu aliyeandika desturi iliyokuwapo kichwani mwake tu. Sitarudia."

"Utauona, Profesa," Adelfina alijibu. "Huko mrija hautafutwi. Unakufuata wenyewe."

Daktari Scolastica alimleta mgeni kwa gari, wakatupitia Runazi asubuhi. Adelfina aliomba niandamane nao, kwa kuwa huko mgeni mwenye heshima haingii peke yake. Hutanguliwa na mtu mzima anayejulikana na wenyeji. Njiani walizungumza kwa furaha. Profesa aliuliza habari za kila kilima, na Daktari akamwambia, "Muulize Adelfina, mimi ni Msukuma, kwetu vilima ni mawe tu." Tulipoiacha lami na vumbi kuanza kuingia madirishani, Adelfina alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Leonidas. Tulimkuta amesimama kwenye lango, amevaa koti, kando yake pana ndoo mpya yenye bomba na sabuni.

"Karibuni, karibuni sana! Profesa, nawa kwanza. Hapa kwetu asiyenawa haingii!"

"Tangu lini?" aliuliza bibi mmoja jirani, Agripina, aliyekuwa ameketi kivulini.

"Tangu zamani, mama!" Leonidas alimjibu bila kugeuka.

Tulinawa. Tuliingia. Rubisi ikaletwa katika jagi, ikamiminwa katika vikombe vya plastiki vya kijani, kila mtu na chake, vipya hata karatasi ya bei ilikuwa bado imegandama. Wazee walivishika kwa vidole viwili kama wapewao dawa ya minyoo. Mimi nililetewa maji.

Profesa alitazama huku na huku. "Na mrija?" aliuliza.

"Mrija?" Leonidas alishangaa kwa uso wote. "Mrija gani, Profesa? Wa soda?"

"Mrija wa kunywea pamoja."

"Aa, ule! Hayo ni mambo ya mababu. Sisi tumeendelea. Si kweli, wazee?"

"Kweli," waliitikia wazee kwa pamoja, kwa mpango uliokuwa dhahiri umefanyiwa mazoezi.

Nilimtazama Adelfina. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia katika chumba cha mtihani akakuta somo alilolisoma limefutwa. Tulikwenda nyumba ya pili, kwa Agripina mwenyewe, na huko nako palikuwa na ndoo, sabuni na vikombe vya kijani. Bibi yule alikunywa funda moja akakiweka kikombe chini, akasema hana kiu.

Adhuhuri ilipoingia niliomba maji ya kutawadha, nikazunguka nyuma ya jiko. Sijamaliza kuosha miguu, Adelfina alifika hapo akimvuta Leonidas, aliyekuwa ametufuata, kwa mkono wa koti.

"Baba mdogo, mirija iko wapi?"

"Imepumzika."

"Imepumzika wapi?"

"Mwanangu, usinibane mbele ya Maalimu. Tumekusaidia! Mgeni ametoka kwao kwa ndege, halafu atukute tunabadilishana mate kama mbuzi kwenye dimbwi moja? Angekupa shule wewe? Angesema, huyu aende kwanza akaoshe kwao."

"Amekuja kuuona mrija! Mrija ndio shule yenyewe!"

Leonidas alinyamaza. Kwa Leonidas hilo lilikuwa jambo kubwa. "Ametoka Ulaya," alisema polepole, "kuja kutazama mrija?"

"Ndiyo."

"Hana kazi huko?"

"Ndiyo kazi yake, baba mdogo. Na kijiji cha Murusagamba tunakokwenda kesho?"

"Nimekwisha kupiga simu," alisema kwa huzuni. "Nako ni safi kabisa."

Adelfina alicheka, kisha macho yakamjaa machozi. "Basi turudi ndani, umwambie ulitania."

"Niseme nilimdanganya mgeni, mimi mwenyekiti, na wazee wote waliitikia? Na isitoshe, aliyesema tuikusanye si mimi. Ni baba yako."

Hilo lilimshusha mabega. Leonidas alipoondoka, alinigeukia.

"Maalimu, nifanyeje? Nikimwambia Profesa kwamba watu wangu wamedanganya, nimemvua baba yangu nguo mbele ya mgeni. Nikinyamaza, atajua nimetunga, na mlango unafungwa."

"Hujaingia bado nyumbani kwa baba yako," nilimwambia. "Mtu hamtolei babaye ushahidi kabla ya kumwamkia. Ngoja niswali, tuende."

Katika kijia cha migombani Profesa alitembea kando yake. Hakuwa na ukali. "Adelfina, nimeona nyumba nzuri na watu wazuri," alisema. "Nilichokisoma katika andiko lako sijakiona."

"Bado nyumba moja, Profesa," alidakia Daktari Scolastica. Nilimwona akijifuta kipaji cha uso, na jua halikuwa kali.

Adelfina akakaza mwendo.

Mzee Bernardo alitupokea ukumbini. Profesa alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa furaha isiyofichika, maana hakutarajia. Adelfina alipiga goti, akaamkia, na babaye akamwitikia akiutazama ukuta. Verediana alileta ndoo na sabuni kwa uso wa mtu aliyeamrishwa. Majirani walikuwa wamejaa uani, wengine wakichungulia dirishani, na Leonidas alikuwa ameketi karibu na mlango kama mlinzi.

Kwa heshima yangu, mwenye nyumba alikuwa ameweka juisi ya ndizi, mbichi, iliyokamuliwa asubuhi ile na haijaguswa na hamira wala mtama wa kuchachushia. Aliimimina katika kikombe cha kijani. Kisha, kabla ya kunipa, akakipeleka kinywani mwake, akapiga funda moja mbele ya macho yangu, akakifuta kwa kiganja, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilikipokea, nikapiga bismillahi, nikanywa. Ndivyo alivyonifanyia katika kila ziara.

"Samahani, mzee," alisema Profesa. "Kwa nini umeonja cha Maalimu?"

Bernardo alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini anavuta pumzi. "Si mgeni wangu?"

Leonidas alikohoa.

Bernardo akakumbuka mapatano. Akamimina kikombe cha Profesa, lakini kwa mazoea akakiinua hadi karibu na mdomo. Leonidas alikohoa tena, kwa nguvu. Kikombe kikashuka. Bernardo akakinyoosha kwa mgeni, mgeni akakishika, lakini mwenyeji hakukiachia. Wakabaki hivyo, mama wa Norwei na mzee wa Kirushya, kila mmoja ameshika upande wake wa kikombe kimoja, na hakuna aliyejua la kufanya.

"Kaka, mwachie," Leonidas alinong'ona.

"Siwezi," alisema Bernardo.

"Mwachie, anakusubiri!"

"Leonidas, niache! Tangu enzi za babu yangu, hakuna mgeni aliyekunywa katika nyumba hii kitu ambacho mwenye nyumba hakukionja mbele yake. Leo nimpe mgeni wa mwanangu kitu kisichoonjwa, kama anayemtilia sumu? Siwezi." Akakirudisha kikombe mezani. "Mama Adelfina, leta kibuyu na mrija."

"Mrija upi?" Verediana aliuliza. "Si mlisema hatuna?"

"Mama Adelfina!"

"Nauliza tu. Maana ipo mingi." Akaingia chumbani, akarudi akiburuta gunia la maharage. Akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa mirija mitano, kisha fungu zima, kisha jingine. Maharage yakamwagika sakafuni, na ikaonekana kwamba mirija ya kitongoji chote ililala humo.

Hapo ukumbi mzima uliangua kicheko. Watu wa dirishani wakawa watu wa mlangoni, na wa mlangoni wakawa ndani.

"Ule wenye uzi mwekundu ni wangu!" Agripina alipaza sauti. "Msiuchanganye na wa Leonidas, mate yake nayajua!"

"Mama Agripina, mbele ya mgeni?"

"Si wewe uliyenichukulia? Tangu juzi nakunywa kwenye bilauri kama mgonjwa wa hospitali!"

Profesa Marit alicheka hata akavua miwani. Daktari Scolastica aliinamisha kichwa juu ya meza, na mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Ni Bernardo na bintiye tu ambao hawakucheka. Na kicheko kilipopungua, Profesa alivaa miwani yake, akamgeukia mzee.

"Na mgeni akiukataa mrija?"

"Amesema ananiogopa," alijibu Bernardo. "Au amesema yeye si wa hapa tena."

Kisha yule mtu wa maneno machache akasema mengi kuliko nilivyopata kumsikia.

"Huyu mwanangu aliukataa. Mwaka wa homa alikuja kutuona, nikamnyooshea, akasema, 'Hapana, baba.' Nilijua anatoka kwa wagonjwa. Kichwa changu kilijua. Lakini nilikaa muda mrefu siwezi kumtazama. Baadaye nikasikia anataka kwenda ng'ambo kuusomea mrija. Nikasema moyoni, kumbe anausomea ili auondoe, ndio unaomwaibisha kwa wenzake. Nikaona heri nimwondolee mwenyewe, apate kwenda kwa amani. Ndipo nikamwambia Leonidas aikusanye mirija yote."

Adelfina alisimama, akaja kupiga magoti mbele yake, juu ya maharage yaliyomwagika.

"Baba, sikuusomea niuondoe. Siku ile nilikukinga wewe, maana nilikotoka nilikuwa nimewagusa wagonjwa. Niliporudi Runazi sikulala. Nilijiuliza, nitamkinga vipi baba yangu bila kumwambia kwamba namwogopa? Kila kitabu nilichokisoma kinaniambia niseme 'acheni mrija.' Hakuna kinachoniambia nikishauondoa niweke nini mahali pake. Ndicho ninachokwenda kukitafuta."

Bernardo aliweka mkono juu ya kichwa cha bintiye. Safari hii alimtazama.

Profesa akamuuliza Daktari Scolastica kwa sauti ya chini, "Haya aliyoyasema sasa, yamo katika andiko?"

"Hayamo," alisema Daktari. "Nilimfutia. Niliona ni habari za nyumbani kwake."

"Mrudishie."

"Namrudishia, hata kama ni kwa wino mwekundu."

Ikabaki rubisi. Adelfina alichagua tete jipya, ambalo halijapita kinywani mwa mtu, akaliosha kwa maji ya moto, akampa Profesa. Bernardo akautia mrija wake katika kibuyu, Profesa akautia wake, wakainama pamoja. Mwenye nyumba akavuta kwanza, mgeni akafuata. Majirani walitazama kama wanaotazama mpira wa adhabu.

"Imehesabika!" alitangaza Leonidas. "Kibuyu kimoja, pombe moja, ameonja kwanza. Imehesabika."

"Haihesabiki," alisema Agripina. "Mirija miwili ni watu wawili."

"Mama, aliyeonja si ameonja?"

"Ameonja kwa wake. Wa mgeni je, ukiwa na kitu ndani?"

Wakagawanyika ukumbi mzima, na wazee waliokuwa wameitikia "kweli" kwa sauti moja sasa walipigana kwa hoja. Mmoja alinitaka niamue kwa kuwa sinywi, kwa hiyo sina upande. Nilimwambia kwamba asiyecheza ngoma haulizwi hatua. Profesa aliwasikiliza, macho yanameta, hata akasahau kunywa.

"Adelfina," alisema mwishowe, "huko Murusagamba wapigie simu, waitoe mirija yao. Mimi nikirudi nitakwenda mbele ya jopo. Nitawaambia kwamba nimeuona mrija, na nimewaona watu wasioweza kuunyamazia."

Alitimiza ahadi yake. Miezi ikapita, na jioni moja Adelfina alipita katikati ya madrasa yangu bila kubisha hodi, simu mkononi, akisema, "Maalimu, wamenikubali, wamenikubali," na wanafunzi wangu wakaacha sura waliyokuwa wakiisoma wakaanza kupiga makofi. Sikuwakemea. Nilisujudu sijida ya shukrani nikawaacha wapige.

Siku ya kuagana tulikwenda tena Kirushya. Padre alibariki, nami nikaombwa dua, nikaomba. Kisha Bernardo alileta tete moja refu alilolikata mwenyewe bondeni, akalikata katikati mbele yetu. Kipande kimoja akampa bintiye, kingine akabaki nacho. Walikunywa pamoja katika kibuyu kimoja, wala hapana aliyegeuza uso. Agripina bado anasema haihesabiki. Alisema hivyo hata alipokuwa akimfungashia Adelfina ndizi mbivu na karanga za njiani, naye akamwahidi kwamba neno lake litakuwa la kwanza kuandikwa katika utafiti.

Amekwenda. Kipande cha babaye kiko katika paa la ukumbi, mahali pake pa zamani, na gunia la maharage limerudi kuwa la maharage. Namkabidhi msafiri kwa Asiyepoteza amana, na sisi tuliosalia natuombea kwa ubeti huu:

Ewe Mola wa mbinguni, tulobaki tufunike,
Na mwana wa ugenini, heri yako imshike,
Wa Kirushya milimani, mvua yako iwafike,
Wa Runazi mashambani, baraka ziongezeke.

Amina.